Fundo Mfukoni mwa Koti la Mamdogo

Makoti ya wanawake waliokuja msibani yalilundikwa juu ya kitanda cha Mamdogo Saumu, mji wa Pickering huku ng'ambo, na mimi nililiona koti la Rukia kabla sijamwona Rukia mwenyewe. Lilikuwa koti la kahawia, la kawaida kabisa, lakini kwenye zipu yake ilining'inia kamba ya plastiki iliyosukwa, kijani na manjano, mraba mwembamba wenye urefu wa kidole cha mwisho. Nikasimama pale na koti la mtu mwingine mkononi. Miaka kumi na tatu nilikuwa sijaona kitu kile, na bado vidole vyangu vilijua kilianzia wapi na kiliishia wapi. Mamdogo alikuwa amezikwa adhuhuri ile, na sebuleni wanawake walikuwa wanagawana juzuu za khitma. Swali la kwanza lililonijia, Mungu anisamehe, halikuwa hajambo huyu, wala nani kampa habari. Lilikuwa: huyu kafuata nini hapa?

Mimi ni mtu wa kushuku, wanangu wananicheka kwa hilo. Jirani akinisalimia mara mbili kwa siku moja, najiuliza ile ya pili ni ya nini. Chakula cha mtu nakinusa kwanza, barua naigeuza nyuma kabla sijaifungua. Watu hudhani nimezaliwa hivi. Sikuzaliwa hivi, nilijifunza, na naikumbuka nyumba niliyojifunzia: ghorofa ya tisa, Flemingdon Park, kwenye yale majengo marefu yanayolitazama bonde la mto Don, mwaka 2005, nikiwa na miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa nimekuja huku ng'ambo kusoma. Ruhusa yangu ya kukaa ilikuwa inakwisha mwezi wa tatu, na kuiongeza kulihitaji barua ya Mamdogo kwamba naishi kwake na yeye ndiye ananitunza. Bila barua ile, narudi Tanga na sanduku langu. Hilo nililijua kila nilipoamka, na yeye alilijua pia, ingawa hakuwahi kulitaja.

Nyumba yenyewe ilikuwa na vyumba viwili. Kimoja cha Mamdogo na mumewe, ambaye aliendesha lori kuelekea magharibi na kupotea wiki tatu kwa mpigo. Cha pili kilikuwa cha mpangaji, na mpangaji ndiye Rukia. Mimi nililala sebuleni kwenye kochi, chini ya dirisha lililopitisha baridi pembeni, tukaliziba kwa kanga kuukuu. Jiko lilikuwa jembamba, watu wawili wakikutana mmoja lazima arudi kinyumenyume. Mamdogo alipika wali wa nazi ya kopo na mchuzi wa samaki, akapika na maharage, akatengeneza chai ya tangawizi nzito ya kuamsha wafu, na sote tulikula kwenye mkeka, sahani moja, kama nyumbani. Sote isipokuwa Rukia. Yeye alikuwa mtu wa Kondoa, alipika sufuria yake ndogo ya ugali na mlenda, unga wa mlenda aliotumiwa kwa posta ndani ya kopo la maziwa, akaingia nao chumbani, akafunga mlango. Mamdogo, mtu wa pwani, hakuuelewa mlenda. Alikuwa anauangalia ule utelezi ukivutwa na kijiko, kisha ananiangalia mimi, haneni kitu.

Aliyenena ni Mama Fauzia, jirani wa ghorofa ya kumi na moja, mtu wa Mombasa, mwenye umri wa kuwa mama yake Mamdogo na mamlaka zaidi ya hayo. Alikuja karibu kila siku baada ya alasiri, akakaa jikoni kwenye kile kiti kimoja, na mimi sebuleni na vitabu vyangu nikasikia yote, maana ukuta ule ulikuwa kama karatasi. Nilisikia kwamba mtu asokula na watu ana lake jambo. Nilisikia hesabu ya miezi: Rukia alihamia mwezi wa tatu wa mwaka uliotangulia, mimba ya kwanza ya Mamdogo ikatoka wa tano. Rukia akasafiri kidogo, akarudi, na mimba ya pili nayo ikatoka. Sasa hii ya tatu ilikuwa imevuka miezi mitano, na Mamdogo alitembea nayo kama mtu aliyebeba yai kichwani. Hakununua hata soksi ya mtoto. Kwetu kitu cha mtoto hakinunuliwi kabla mtoto hajalia. Nilimsikia Mama Fauzia akiuliza lile kopo la biskuti analoshinda nalo Rukia mle chumbani lina nini. Mamdogo akasema hajui. Mama Fauzia akasema, basi na kijulikane.

Hivyo ndivyo nilivyotumwa. Jumanne moja Mamdogo alikwenda kazini, kwenye chumba cha kufulia mashuka cha hoteli, akaniambia mlangoni, bila kunitazama, kwamba Rukia huenda kuoga saa saba, na kwamba kopo liko chini ya kitanda. Nilikwenda. Nililitoa kopo, nikalifungua, na ndani nikakuta kamba, kamba tupu: nyembamba, za plastiki, bapa kidogo, rangi zote za dukani, na vitu vilivyosukwa, vya mraba, vya duara, kimoja kimesukwa mfano wa mjusi. Sikumsikia akirudi. Alisimama mlangoni na taulo kichwani, na badala ya kunifukuza akaniambia, “Kaa.” Nikakaa sakafuni. Akachukua kamba mbili, akazipanga msalaba, akaniwekea mkononi.

Rukia alifagia kwenye kituo cha jamii, na watoto wa pale baada ya shule walisuka kamba hizo, wenyewe wakiziita gimpu. Vipande vilivyowabakia walivitupa, yeye akaviokota, na watoto ndio waliomfundisha. Aliwasukia vishikio vya zipu, kwa sababu mtoto akivaa glavu hawezi kushika kile kichuma kidogo, na kila jioni kituoni palikuwa na kilio cha zipu. Ndiyo siri yote ya kopo. Mimi nilikuwa nasuka ukili wa mikeka tangu nina miaka minane, nikadhani huu ni mchezo. Haukuwa. Unakunja kamba moja juu ya nyingine, ncha ya mwisho unaipitisha kwenye kitanzi cha kwanza, unavuta zote pamoja zikaze, na safu inayofuata lazima uigeuze: kama ya kwanza ilielekea kulia, ya pili ielekee kushoto. Mkono wangu uliozoea ukili ulitaka kurudia njia ileile. Kila nilipofika safu ya nne au ya tano nilisahau, na mraba ukaanza kujipinda. Rukia alikuwa anacheka bila sauti, anakigeuza kidole chake hewani. Alipokuwa akisuka mwenyewe midomo yake ilitembea, ananong'ona kitu ambacho sikukisikia vizuri. Wakati ule sikukijali.

Jioni nilimwambia Mamdogo kwamba kopo lina nyuzi za makoti ya watoto, basi. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Akasema vizuri, na akaniambia nisiingie tena mle, ya mtu tumwachie mwenyewe. Nikaitikia, na Jumanne iliyofuata nikaingia, na iliyofuata hiyo, na zote za mwezi ule. Sijui kama nilimpenda Rukia. Nilipenda chumba chake, radieta yake ya kupasha joto isiyopiga kelele, namna alivyoniuliza juu ya darasa langu na kungoja jibu. Kwa Mamdogo nilikuwa mgeni wa kusaidiwa, na kwa Rukia nilikuwa mtu wa kukosea na kuanza upya. Lakini kila nilipotoka mle nilichungulia kwanza ukumbi, kama mwizi. Na mtu akishaanza kuchungulia, huona mengi ambayo hayapo.

Ilikuwa Januari vidole vya Mamdogo vilipovimba. Kichuma cha zipu ya koti lake kilikuwa kimekatika, akakitia pini, na asubuhi nilimtazama akihangaika mlangoni, basi la kwenda Eglinton linakaribia, pumzi inampanda, anakataa kusaidiwa. Nikaamua nitamsukia kishikio. Kwenye kopo la Rukia nilichagua rangi tatu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, nikamwambia Rukia nataka iwe kama kisutu, maana Mamdogo alikuwa na kisutu cha harusi yake na ndiyo kanga aliyoipenda kuliko zote, hakumwazima mtu. Rukia akasema rangi tatu si mraba tena, ni msuko wa tofali, na akanifundisha. Nilimaliza Alhamisi. Siku hiyo nyumba ilifukizwa udi kama kawaida, nami nikakipitisha juu ya chetezo kidogo kipate harufu nzuri. Ijumaa asubuhi, Mamdogo akioga kujiandaa kwenda kliniki, nikakitia kwenye mfuko wa koti lake akikute mwenyewe, nikaenda zangu darasani. Njiani kwenye basi nilikuwa nacheka peke yangu, nikiona uso wake atakapokishika.

Niliporudi saa nane koti lilikuwa limetupwa katikati ya sebule, mifuko imegeuzwa nje. Mamdogo hakwenda kliniki. Alikaa kwenye kochi langu, mikono miwili juu ya tumbo, na Mama Fauzia kando yake na tasbihi. Mezani palikuwa na sahani ya chai, na juu ya sahani kishikio changu, kimefunikwa chumvi ya mawe. Kwetu mtoto hufundishwa mapema kuogopa fundo asilojua nani kalifunga. Hili lilikuwa na mafundo mengi, limekazwa, lina harufu ya udi, limekutwa kwenye nguo ya mwenye mimba. Na rangi zake! Mimi niliona kisutu. Wao waliona vitambaa vitatu vya mganga, chekundu, cheusi na cheupe. Mpaka leo nashangaa jinsi sikuliona hilo, mimi mtu wa Tanga.

Nilifungua kinywa niseme. Naapa nilikifungua. Mama Fauzia akasema nisikisogelee, na akasema kikulacho ki nguoni mwako, na Mamdogo akasema jina la Rukia kwa sauti ya chini kabisa. Kisha akasema tena, safari hii akiniangalia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mbele yake: “Aliyefunga hiki, mwanangu akipatwa na kitu, simsamehe hapa wala mbele ya haki.” Nikakifunga kinywa changu. Nikafikiri juu ya mtoto, nikafikiri kama kweli atapatwa na kitu. Nikafikiri juu ya barua ya mwezi wa tatu. Na nikiwa nimesimama pale na mkoba bado begani, likanijia wazo jingine, na hili ndilo ninalolionea haya kuliko yote. Nikakumbuka midomo ya Rukia ilivyotembea akisuka. Nikajiuliza: alikuwa akinong'ona nini? Kwa nini alinifundisha mimi? Mtu akitaka kufunga jambo na hataki lionekane mkononi mwake, si atatafuta mkono wa mwingine? Nikalishika wazo hilo kwa nguvu zote, maana lilinipa ruhusa ya kunyamaza.

Rukia alirudi karibu na magharibi, theluji begani. Hawakumpa nafasi ya kuvua viatu. Mama Fauzia alisema kwa urefu, Mamdogo akasema kwa ufupi, na sahani ikasogezwa. Rukia aliinama akakitazama kile kitu kwa makini, karibu akiguse, na nikaona macho yake yamesimama pale kwenye safu ya nne, pale kilipojipinda. Hakunitazama. Laiti angenitazama ningeanguka miguuni pake.

“Kamba ni zangu,” alisema. “Mkono si wangu.”

“Mkono wa nani basi?” Mamdogo akauliza.

Radieta ikagonga. Mtu yeyote kati yetu angeweza kulijibu swali lile. Mwisho Rukia akaingia chumbani, akafungasha mabegi mawili na kopo lake, akaniomba nimsaidie moja mpaka kwenye lifti. Tuliteremka ghorofa zote tisa. Chini akalichukua begi mkononi mwangu, akanifunga kifungo cha juu cha koti ambacho nilikisahau, akatoka kungoja basi. Mimi nikarudi juu nikijiambia kwamba mtu asiye na kosa angejitetea. Kweli nilijiambia hivyo, na niliamini kwa siku nyingi.

Jumamosi asubuhi likaja suala la kulifungua fundo. Mama Fauzia alisema halichomwi wala halikatwi, linafunguliwa fundo kwa fundo na kisomo, kisha kamba zinatupwa kwenye maji yanayokwenda. Vidole vyake vilikuwa na baridi yabisi. Mamdogo hakuruhusiwa kukigusa. Nikabaki mimi. Nikakaa kwenye mkeka na ile sahani, Mama Fauzia akaanza kusoma, na nikajipa kazi ya kutojua. Nikakwaruza upande usiofunguka, nikavuta ncha isiyo yake, nikaguna. Lakini kazi ile hufunguka njia moja tu, ya mwisho kufungwa ndiyo ya kwanza kufunguka, na mkono hauna adabu ya kusema uongo. Safu ya kwanza ilinichukua muda. Ya pili ikawa rahisi. Ya tatu na kuendelea vidole vyangu vilikwenda vyenyewe, vinageuza kulia, vinageuza kushoto, na nilipofika pale pa kosa vilikosea vilevile kinyumenyume bila kusita. Niliponyanyua kichwa, Mama Fauzia alikuwa amefumba macho anasoma. Mamdogo hakuwa akiitazama sahani. Alikuwa akiitazama mikono yangu.

Akaniambia nikazitupe kamba mtoni. Nje palikuwa na baridi ya kupasua mifupa, na njia ya kuteremka bondeni ilikuwa barafu tupu. Nikatoka, nikatembea mpaka mwisho wa ukumbi, nikafungua kile kijidirisha cha bomba la taka, nikazitupa humo, nikasimama kwenye ngazi nusu saa nikihesabu tofali za ukuta. Niliporudi nikasema tayari. Mamdogo akasema ahsante, na macho yake yakashuka mpaka kwenye viatu vyangu, vikavu kama nilivyotoka navyo. Mtu wa pwani, ukimwona hasemi, ujue kuna linalosemwa ndani.

Baada ya hapo nyumba ikawa ya watu wawili wanaoviziana. Wiki mbili za mwanzo Mamdogo hakunywa chai niliyoipika. Alipokea kikombe, akasema Mungu akubariki, na nilipogeuka nikasikia maji ya sinki. Usiku alifunga mlango kwa funguo. Nami nikawa nalala roho juu, najiuliza kamwambia nani, barua ya dada yake ikija kutoka Tanga nachungulia juu ya bega. Kisha, ghafla, akaanza kunywa chai. Bila sababu. Akaanza kuniita jikoni nikae naye akimenya viazi, ananyamaza, ananitazama, ananyamaza tena. Mwezi wa tatu aliandika ile barua bila kuombwa, akaiweka juu ya vitabu vyangu. Ilikuwa barua nzuri, ameniita mwanangu ndani yake. Nilipaswa kulia kwa furaha. Badala yake nikaisoma mara nne nikitafuta mtego, nikishuku kwamba wema huu ni kamba ya kunifungia mguu.

Nasra alizaliwa mwezi wa nne, mzima, mnene, na sauti ya kuvunja vioo. Hospitalini Mamdogo alimruka Mama Fauzia aliyenyoosha mikono, akamruka hata baba yake, akaniwekea mimi mtoto kifuani kwanza. Akanikazia macho. Sitasahau macho yale. Nilidhani ananichunguza kama nitamdhuru mtoto, nikamrudisha upesi. Siku arobaini zilipokwisha, akiwa amelala na kisutu chake miguuni, aliniuliza, “Mwanaidi, huna neno la kuniambia?” Nikasema sina, labda hongera. Akatabasamu kidogo, akageukia ukutani. Mwaka uliofuata nilipata chumba changu Rexdale, karibu na ghala nilipofanya kazi za jioni, nikahama, na kila Idi nilikwenda kwake, na kila Idi palikuwa na saa moja ambapo wageni wameondoka na yeye anajishughulisha na vyombo visivyo na uchafu, akiniacha karibu naye. Kila mara niliaga mapema. Nilikuwa nimeshaamua kwamba ananishuku, na mtu anayekushuku humpi nafasi.

Basi ndiyo maana, msibani Pickering, nililiangalia koti la Rukia kama mtu aliyekuta nyoka kitandani. Nilimkuta jikoni, mikono ndani ya sufuria la pilau, anasugua ukoko. Alikuwa amezeeka kwa uso, si kwa mikono. Nasra alipita na trei ya vikombe, kumi na tatu yake, akamwita Khalati Rukia, kama dada wa mama yake, akamwambia jambo kwa Kiingereza, wakacheka kidogo wote wawili. Nikasimama. Mtoto anamjua. Nikamuuliza Rukia, bila hata salamu, nani kamwita.

“Saumu mwenyewe,” akasema. “Mwezi uliopita, sauti imeshakwisha.”

Akaendelea kusugua, na akanieleza, polepole, kwa namna yake ya kumweleza mtu anayekosea safu. Kwamba wiki mbili baada ya kufukuzwa, Mamdogo alipiga simu kituoni akaomba kuzungumza naye, akilia. Hakuuliza kama ni yeye. Aliuliza ile mikono ya Mwanaidi imejifunzia wapi. Rukia akamwambia yote, Jumanne zote, zipu na vidole vilivyovimba, na kwamba zile rangi zilikuwa kisutu, mimi nilikuwa nimemsukia kisutu. Mamdogo akamtaka arudi siku ileile. Rukia alikataa, nyumba ikishakutoa mara moja inatosha, lakini wakawa wanazungumza kwa simu, na baadaye wakatembeleana, siku ambazo mimi sipo. Nikamuuliza kwa nini basi hakuniambia, kwa nini aliniacha nikaishi hivi. Sauti yangu ilikuwa imeanza kupanda. Rukia akafunga bomba la maji.

“Mimi nilimwambia akuulize moja kwa moja,” akasema. “Akasema hapana, atangoja useme mwenyewe. Alisema ukishalisema utakuwa mwanawe kweli, hutakuwa mgeni. Kila Idi usiku alinipigia. Nilikuwa namuuliza, kasema? Anajibu, bado.”

Macho yale ya hospitali. Viazi vile. Vyombo visivyo na uchafu. Nikamuuliza kitu kidogo, kwa sababu kikubwa kilikuwa hakiingii kinywani. Nikamuuliza siku zile, akisuka, alikuwa ananong'ona nini. Rukia alinishangaa, ikabidi afikiri. “Kulia,” akasema. “Kushoto. Kulia. Kushoto. Nami nilikuwa nasahau, kama wewe.”

Sebuleni walikuwa wameanza dua ya mwisho. Rukia akajifuta mikono kwenye aproni, akavuta kiti, akakaa, akaiweka mikono mapajani. Hakuwa na haraka yoyote. “Mwenye kungoja kaenda,” akasema. “Lakini kule kufukuzwa kulikuwa kwangu. Mimi bado nipo.”

Ni maneno matatu. Nimeyapima tangu siku ile, yanatoka kwa pumzi moja, hayafiki hata muda wa kufungua safu ya kwanza. “Ni mimi niliyesuka.” Niliyasema nikiwa nimesimama, mlango wazi, Nasra akiwa anarudi na trei tupu. Rukia aliitikia kwa kichwa mara moja. Nasra akauliza kwa Kiingereza nimesuka nini, na nikamwambia akae, nimweleze, na nilianza na koti la mama yake, lile ambalo zipu yake mpaka leo imefungwa kwa pini.